KANSERE YA NGOZI SI UGONJWA WA WAZUNGU PEKE YAO



Mwezi uliopita mu somo la biolojia tulifika kwenye sura ya ngozi. Mwalimu alipotaja kansere ya ngozi, darasa zima lilicheka, na mwenzetu mumoja akasema kwa sauti: "Ile ni magonjwa ya bazungu, mwalimu. Shiye ngozi yetu iko nguvu." Mwalimu hakukasirika. Alijibu tu kwamba nusu ya neno lile ni kweli, na nusu ingine twende kuitafuta. Nimeitafuta katika vitabu vya biblioteki na kwa kuuliza enfirmie wa dispansere, na ninayaandika hapa yale niliyopata, sababu nusu ile ingine inaua watu, na baadhi yao ni wa umri wetu.

Tuanze na nusu ya kweli. Ngozi imejengwa kwa seli mingi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kama matofali. Kila siku seli za juu zinakufa na kuanguka, na za chini zinazaa zingine kuchukua nafasi. Kazi hii iko na sheria yake. Seli inajua wakati wa kuzaa na wakati wa kuacha. Kansere ni seli iliyokataa kusikia kengele. Inazaa, inazaa tena, na watoto wake pia hawasikii kengele, paka wanapojaa na kuanza kutoka pahali pao kwenda kukaa mahali pengine katika mwili.

Kitu kimoja kinachoharibu sheria ya seli ni mionzi ya jua, ile isiyoonekana kwa macho. Lakini Mungu aliweka katika ngozi seli zingine za pekee zinazotengeneza rangi. Rangi ile inaitwa melanini. Hapa nilishangaa sana: mzungu na mtu mweusi wako na hesabu karibu sawa ya seli hizi za rangi. Tofauti ni kazi. Zetu zinatengeneza melanini mingi zaidi, na chembe zake ni kubwa zaidi. Chembe zile zinaingia ndani ya seli za jirani na kukaa juu ya kiini cha kila seli, upande wa jua, sawa vile mtu anafungua mwavuli juu ya kichwa cha mtoto wake. Basi ni kweli kabisa kwamba mtu mweusi amepewa kinga kubwa. Kule Australia, inchi ya jua kali yenye watu wengi wa ngozi nyeupe, ugonjwa huu ni mwingi hata toka mwaka 1981 watu walianza kufundishwa kwa wimbo na picha ya ndege wa bahari: vaa shati, paka krema, vaa kofia. Watoto wa Australia wanaujua wimbo ule kama sisi tunavyojua wimbo wa bendera.

Wengi wetu tunasikia habari hiyo ya Australia na tunafunga kitabu. Kumbe mwavuli wetu uko na matundu matatu.

Tundu la kwanza ni unyayo. Geuza mguu wako na uangalie. Unyayo wa mtu mweusi hauna rangi ya mguu wake. Uko mweupe-mweupe, na ndivyo ilivyo kwa viganja na chini ya kucha. Kuna kansere ya ngozi iliyo mbaya kupita zingine, inayoitwa melanoma. Hii inatoka katika zile seli za rangi zenyewe. Kwa wazungu inatoka zaidi mgongoni, miguuni, usoni, pahali jua linapiga. Kwa watu weusi ni chache sana, lakini inapokuja inapenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha.

Mambo haya hayakuchunguzwa Ulaya peke yake. Yalichunguzwa sana hapa karibu, Uganda. Katika miaka ya 1960 munganga mumoja, M. G. Lewis, alifanya kazi Kampala, katika Chuo cha Makerere na hospitali ya Mulago. Aliona kwamba wagonjwa wa melanoma waliokuja pale, wengi walikuwa na kidonda mguuni, zaidi sana chini ya unyayo. Yeye hakuishia hospitalini. Alitafuta pia watu wazima wasio wagonjwa, wa sehemu mbalimbali za Uganda, akaangalia nyayo zao na kuhesabu madoa meusi. Niliposoma hayo nilimwona kwa mawazo, munganga ameinama chini, mbele yake watu wa kijiji wamenyosha miguu, pengine wanacheka kwamba mzungu huyu amepoteza akili. Lakini hesabu ile ilitoa jambo. Pahali watu walipokuwa na madoa mengi ya unyayo, njo pale melanoma nayo ilikuwa mingi zaidi. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1967.

Watu walifikiri pia kwamba sababu ni kutembea bila viatu, juu ya miiba na mawe. Ni fikra nzuri, lakini haitoshi. Watu weusi wa Marekani wanavaa viatu tangu utoto, na melanoma yao nayo inatoka zaidi mguuni. Kwa hiyo mtu asiseme, mimi niko na viatu vya ngozi, nimepona. Wala krema ya jua haisaidii hapa, sababu jua halifiki chini ya unyayo. Wimbo wa Australia ni mzuri, lakini ni wimbo wa Australia. Tukiuchukua mzima-mzima na kuuimba hapa, tutakuwa tunapaka mafuta usoni na ugonjwa unatuingia kwa chini.

Kuna mtu mumoja ambaye ninyi wote munamujua, hata wale wasiojua neno moja la Kiingereza wanaimba nyimbo zake. Ni Bob Marley wa Jamaika. Mwaka 1977 wanganga walikuta melanoma chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu wake wa kulia. Yeye alipenda sana mupira, na kidole kile kilikuwa kimeumia katika mchezo. Kwanza ilionekana ni jeraha tu la mupira. Walimwambia kidole kikatwe. Kidole hakikukatwa, walitoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi. Aliendelea kusafiri na kuimba. Aprili 1980 alikuja hapa kusini yetu, Zimbabwe, kuimba siku ya uhuru. Wakati ule ugonjwa ulikuwa tayari ndani yake. Alikufa tarehe 11 Mei 1981 kule Miami, na miaka 36. Watu wanabishana kwa nini kidole hakikukatwa, wengine wanasema ni dini yake, wengine ni sababu ya dansi. Mimi sitaingia katika mabishano hayo. Ninaandika habari yake juu ya jambo moja: jeraha la mupira ambalo halikuwa jeraha la mupira. Ni wangapi hapa katika timu zetu wako na ukucha mweusi? Karibu wote. Ukucha uliopigwa unasukumwa na ukucha mupya, na ule weusi unasonga mbele paka unakatwa kwa wembe. Weusi usiosonga ni habari ingine.

Tundu la pili ni kidonda cha siku mingi. Hili halisemwi sana, lakini kwa watu weusi wa Afrika ni njia kubwa kabisa ya kansere ya ngozi. Mtu aliungua na moto akiwa mtoto, kovu likabaki; au aliumwa kidonda cha mguu, kikapona nusu, kikafunguka, miaka kumi, miaka makumi mawili. Seli za pale zinalazimishwa kuzaa kila siku kwa kutengeneza ngozi, na siku moja zinakataa kengele. Mufaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vya namna hii mwaka 1828, na paka leo vinaitwa kwa jina lake. Hapa kwetu kidonda cha mzee kinazoewa. Watu wa nyumba wanasema, ee, ni kidonda chake cha zamani, alikuja nacho toka kijijini. Kikianza kuota nyama pembeni, kikianza kutoa damu bure na kunuka, wanaongeza dawa ya miti. Sisemi dawa zote za miti ni mbaya. Nasema kidonda ambacho kimepita miezi mitatu bila kupona, na kovu la zamani lililofunguka tena, ni mambo ya kuonyesha kwa munganga.

Tundu la tatu ni wenzetu walio albino. Hapa mwavuli haukutoboka. Haukufunguliwa hata siku moja. Mtu albino amezaliwa na zile seli za rangi, lakini haziwezi kutengeneza melanini. Inatokea pale baba na mama, wote wawili, wamebeba alama ile ya siri katika damu ya ukoo bila wao wenyewe kuwa albino. Kwa kila mimba yao, kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa hivyo. Si laana, si mizimu, wala mama hakutembea na mzungu. Tena si ugonjwa wa kuambukiza. Mtu albino yuko na akili sawa na mtu mwingine yeyote. Shida yake ni ngozi na macho, sababu melanini inahitajika pia katika macho ili yaone vizuri.

Inchi ambayo imejifunza sana mambo haya ni Tanzania. Mwaka 1985 munganga Luande na wenzake walitangaza uchunguzi wa watu albino 350 wa muji wa Dar es Salaam. Waliona kwamba jua linaanza kuharibu ngozi yao tangu utoto kabisa, na kansere zinakuja katika ujana, wakati ambapo kwa mzungu zinangoja uzee. Kisha kule Mwanza, hospitali ya Bugando, wanganga walitazama vitabu vyao vya miaka 2001 hadi 2010, wakakuta wagonjwa albino 64 wenye kansere ya ngozi. Umri wa kati ulikuwa miaka 30. Robo tatu walikuwa na ile kansere ya seli bapa za juu ya ngozi, wengi kichwani na shingoni, na mumoja tu alikuwa na melanoma. Yaani kwa wenzetu hawa ugonjwa si wa unyayo. Ni wa sikio, wa mdomo, wa shingo, pahali kola ya shati inaishia. Na wengi wao walifika wamechelewa sana.

Dunia ilisikia habari za watu albino wa Tanzania juu ya jambo lingine, mauaji ya uchawi yaliyozidi kuanzia karibu mwaka 2006. Yalikuwa ya kutisha, na ilifaa kuyapigia kelele. Lakini kansere ya ngozi njo inaua watu albino wengi zaidi katika Afrika, bila kelele, na katika kifo hicho hakuna mtu anayekamatwa.

Hapo Tanzania vilevile kuna mambo ya kutia moyo. Kule Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, iko hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo ni kazi ya Walutheri. Mwaka 1992 walifungua pale shule ya kufundisha wanganga na waganguzi wa ngozi toka inchi mingi za Afrika. Wanafunzi wake wanarudi kwao na kuzunguka mu vijiji, wanapima watu albino mara kwa mara, na madoa mabaya yanachomwa kwa baridi kali kabla hayajakuwa kansere. Na toka miaka ya 2010 wanatengeneza pale pale krema ya jua inayoitwa Kilisun, iliyofikiriwa kwa ngozi ya mtu albino wa Afrika na jua la Afrika. Mufamasia aliyeianzisha ni Mafalda Soto, toka Hispania. Kati ya watu wanaofanya kazi ya kuitengeneza wamo watu albino wenyewe. Krema ya Ulaya katika farmasi inauzwa bei ambayo mzazi wa hapa hawezi kununua kila mwezi. Hii wanapewa bure katika kliniki.

Niongeze neno dogo kwa madada, na kwa makaka fulani pia, sababu tunawaona. Krema za kujichubua zenye idrokinoni au zebaki zinazima kazi ya melanini. Mtu amezaliwa na mwavuli mzuri, kisha analipa feza ili auchane. Wanganga wa Dakar, Senegali, wameandika juu ya wanawake waliojichubua miaka mingi na kupata kansere ya ngozi shingoni. Nimemaliza, musinikasirikie.

Sasa, inatibiwa vipi? Ikionekana mapema, jibu ni fupi: inakatwa. Munganga anadungua ganzi, anakata kipande, kinapelekwa ku laboratware kuangaliwa kwa mikroskopi, toka hapa maana yake ni Lubumbashi, kilomita karibu 120. Ikiwa ni kansere na haijaingia ndani, wanakata tena kwa upana na mgonjwa anaenda nyumbani. Hii njo kansere ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho yake bila mashini hata moja. Kansere ya maini au ya tumbo inajificha. Hii iko nje, mbele ya watu wote, na bado watu wanakufa nayo.

Kuna pia kuitibu kwa mionzi, na hapa lazima nisimame kidogo, maana jambo hili ni la Likasi. Kila mutu hapa anajua kwamba uranyumu ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, kilomita karibu 20 toka muji wetu. Lakini kabla ya bomu kulikuwa radiumu. Mawe ya Shinkolobwe yaligunduliwa mwaka 1915, na toka mwaka 1922 Union Minière iliyapeleka Olen, inchi ya Ubelgiji, kutoa radiumu ndani yake. Wakati ule uranyumu ilikuwa karibu takataka. Radiumu ndiyo ilikuwa na bei kupita zahabu mara elfu mingi. Katika miaka ya 1920 radiumu ya Katanga ilitawala soko la dunia. Wanganga waliitia katika sindano na vichupa vidogo, wakaviweka juu ya kansere, na kansere ya ngozi ilikuwa kati ya zile za kwanza kutibiwa hivyo, sababu iko nje na ni rahisi kuifikia. Basi kuna wazee wa Ulaya waliopona uso wao kwa jiwe la hapa kwetu.

Mionzi ile ile inachoma pia. Mwaka 1901 Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiumu katika mufuko wa kizibao, ngozi yake ikaungua. Kule Marekani Clarence Dally, aliyemsaidia Thomas Edison katika kazi ya mionzi ya X, alipata kansere mikononi, wakamkata mikono, na alikufa mwaka 1904. Machimbo ya Shinkolobwe yalifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004. Wanaoenda kule kuchimba kwa kujificha wajue kwamba ile si kobalti tu.

Tumebaki na dawa, na neno ambalo linaogopesha watu: majaribio. Nimesikia mara mingi, "Banatufanya panya ya kujaribia." Hofu ile iko na sababu zake katika historia, siikatai. Lakini angalia tena Uganda. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa hesabu ya madoa ya Lewis, ilianza Mulago kazi iliyokuja kuwa Taasisi ya Kansere ya Uganda. Mwaka 1971 wanganga Vogel, Ziegler, Kiryabwire na wenzao walitangaza matokeo ya dawa iliyojaribiwa pale kwa wagonjwa wa melanoma, ile inayoitwa leo dakabazini. Miaka 4 baadaye, 1975, dawa hiyo ilikubaliwa Marekani, na ikatumiwa dunia nzima kwa miaka mingi. Haikuwa dawa kubwa. Inapunguza uvimbe wa wagonjwa wachache, pengine 1 kati ya 5 au pungufu. Lakini hapakuwa na ingine. Idi Amin alipoharibu inchi, wanganga wageni waliondoka mwaka 1972, na Muganda Charles Olweny alibaki akaongoza taasisi ile katika miaka ile mibaya. Mimi naona huyo angefaa kujulikana katika shule zetu kama tunavyojua majenerali.

Lewis naye aliona jambo lingine katika wagonjwa wale wa Uganda. Ambao melanoma yao ilikuwa bado pahali pamoja, damu yao ilikuwa na askari waliopigana na kansere ile ile ya mwili wao. Ambao ugonjwa umesambaa, askari wale hawakuonekana tena. Alitangaza hayo mwaka 1969 pamoja na wenzake. Fikra hiyo, ya kusaidia askari wa mwili, wengi waliifanyia kazi kwa njia mbalimbali, na toka mwaka 2011 kuna dawa zinazofungua breki za askari hao; James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2018 juu ya kazi hiyo. Wagonjwa wa melanoma ambao zamani wangekufa katika mwaka mumoja, sasa wengine wanaishi miaka mingi. Lakini kuna shida. Dawa hizo zilipimwa zaidi kwa wazungu, na melanoma ya unyayo inazisikia kidogo kuliko ile ya jua. Ndiyo sababu nasema jaribio si tusi. Jaribio la haki ni lile ambalo mgonjwa ameelezwa kwa luga yake, amekubali bila kulazimishwa, na anaweza kujitoa. Pale ambapo hakuna majaribio kwa watu wetu, tunameza dawa iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Sasa mambo ya kufanya. Siku ya posho, mtu akioga, aangalie nyayo zote mbili, katikati ya vidole, viganja na kucha. Asiyeweza kuona chini ya mguu wake amwombe ndugu yake. Madoa mengi ni ya bure, na sisi weusi tuko na mistari myeusi ya kucha ambayo ni ya kawaida, zaidi ikiwa kwenye vidole vingi. Usilie bure. Doa la kuonyesha munganga ni lile ambalo nusu yake haifanani na nusu ingine, pembeni zake zimekatika-katika, rangi yake imechanganyika, upana wake unapita kifutio cha nyuma ya penseli, na zaidi ya yote, doa linalobadilika. Kwa ukucha, ni mstari wa kidole kimoja tu unaopanuka, ao weusi unaotoka ukuchani na kupaka ngozi ya pembeni. Na mtu asilikate mwenyewe kwa wembe, wala kulichoma kwa asidi ya batri. Nimesikia wanaofanya hivyo.

Kwa wenzetu albino iko kazi ya shule nzima, na hapa ninaandika kama kapita wa wanafunzi. Tuko nao wawili katika shule yetu, na niliwaomba ruhusa kabla ya kuandika. Kanuni yetu inasema: shati ya mikono mifupi, na kichwa wazi mbele ya bendera. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili ya wenye mwavuli. Saa ya bendera asubuhi jua bado ni dogo, lakini siku ya matangazo marefu tunasimama paka saa tatu na kupita. Halafu salongo inafanyika saa tano, na jua la kati ya saa nne na saa tisa ndilo baya kupita yote. Musidanganyike na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Likasi iko juu, mita zaidi ya 1200, na mionzi ile haina joto; mtu anaungua huku anatetemeka. Mwezi wa 10 na mwezi wa 2 jua linasimama juu ya kichwa kabisa, hata kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake.

Kamati ya wanafunzi imeandika barua kwa Prefe wa masomo yenye maombi manne. Kwanza, wenzetu hawa wavae mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana, hata katika uniforme. Wale wanaosema kofia ni kuvunjia bendera heshima, tumependekeza wasimame chini ya barza, kichwa wazi, katika kivuli. Kutoka pale bendera inaonekana vizuri. Pili, katika salongo wapewe kazi ya biblioteki ao ya kusafisha darasa, si ya shamba. Tatu, wakae banki ya mbele, upande ambao dirisha halipigi machoni. Nne, sanduku la dispansere litafute krema ya jua, na tuko tayari kuchanga. Kikundi cha mwaka wa tano kimekwisha kushona kofia mbili za kitambaa cha bulu, na ziko kwa enfirmie zinangoja jibu. Mkutano wa walimu utazungumza barua hiyo siku ya kwanza ya mwezi ujao, na jibu litabandikwa kwenye mlango wa biblioteki.